Binti wa Kibirichia anataka kuja Mombasa kutishwa

Ukitoka Mombasa na shati la mikono mifupi, Kibirichia itakufunza adabu. Mji huu mdogo uko upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, Kaunti ya Meru, na watu wake wengi ni wakulima wa viazi, ambavyo wao huviita waru. Shemeji yangu huvinunua huko kwa magunia na kuwauzia wakaanga chipsi na viazi karai wa kisiwani. Mwisho wa mwezi uliopita alinichukua tufuatane. Nilikwenda kuona mlima, nikaishia kuona moto wa jikoni, maana mlima ulijifunika mawingu siku zote mbili.

Jikoni hapo ndipo yaliponikuta haya. Nilipovua viatu mlangoni, mtoto mdogo wa nyumba ile aliinama akatazama miguu yangu, wa kulia na wa kushoto, kisha akakimbia kumnong'oneza nyanyake. Nikadhani soksi zimetoboka. Kumbe lilikuwa jambo jingine, nitalifikia.

Mwenyeji wetu ni mzee wa kanisa, mtu mpole, na ana binti wa miaka ishirini na mbili anayesoma chuo Meru mjini. Binti huyo alituletea chai akiwa amevaa gauni jeusi hadi kwenye vifundo vya miguu, buti nzito nyeusi, kucha nyeusi, na midomo nimeona mwanzo nikadhani ni baridi, kumbe ni rangi. Chai ilikuwa nzuri. Alipotoka, baba yake akavuta kigoda karibu.

"Ustadh," akaniambia, "wewe ni mtu wa Mombasa. Huyu mtoto na wenzake watatu wanataka kuja kwenu tarehe 31 mwezi wa kumi, kwa hiyo kitu inaitwa Halloween. Niambie ukweli. Ni mambo ya shetani ama si ya shetani?"

Nikamwita binti mwenyewe nimuulize. Kwa nini Mombasa, na si Nairobi ambako kumbi za starehe hufanya sherehe hizo kila mwaka? Akanijibu bila kupepesa macho: "Kwa sababu Mombasa ndio mji wa kuogofya kuliko yote Kenya. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Akanihesabia: paka ambao si paka, nyumba za Mji wa Kale zisizokalika, na wanawake wazuri wa usiku wanaotembea wamejifunika, ukitazama chini unaona kwato. Hapo nikaelewa yule mtoto alikuwa akitafuta nini miguuni mwangu.

Nilicheka, lakini nilikasirika pia. Sisi tuliozaliwa kisiwani tumechoka kuulizwa habari za kwato. Nimesomea utalii, nina diploma yake, na nimesimama mapokezi ya hoteli miaka kadhaa. Mgeni wa bara akija na familia, swali la kwanza ni bei ya chumba, la pili ni majini. Mimi ni Muislamu, siwezi kukana kuwepo kwa majini. Sura nzima ya Kurani ina jina lao. Lakini kuwepo kwao ni jambo moja, na kugeuza mji mzima kuwa hadithi ya kutishia watoto ni jambo la pili. Hata hivyo binti alikuwa na akiba yake mkononi na alitaka kuja kuitumia kwetu. Basi nilimuahidi mzee kwamba nitaandika, yeye asome, na nyinyi wasomaji wa huku msome, kwa sababu Halloween imeshaingia kwenye kumbi za Nyali na watoto wetu wanaijua kuliko sisi.

Nianze na siku yenyewe. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba. Asili yake iko kwa watu wa kale wa Ireland na jirani zake, waliokuwa na sikukuu iitwayo Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi kali. Waliamini usiku huo pazia kati ya walio hai na waliokufa huwa jepesi. Kanisa lilipoenea, tarehe 1 Novemba ikawa Siku ya Watakatifu Wote, na jina Halloween lina maana ya mkesha wa siku hiyo. Kwa hiyo mzee wa kanisa anapoiogopa, anaogopa jina lililotoka kanisani. Waireland walipohamia Marekani kwa wingi katika njaa ya miaka ya 1840, walikwenda na mila hiyo. Kwao walichonga sura kwenye tunipu, mboga ya mzizi. Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na laini kuchonga, na tangu hapo boga ndilo alama yake. Sisi boga tunalipika kwa nazi, na sioni sababu ya kubadilisha.

Mimi siisherehekei. Si sikukuu yangu, na mtoto wangu akiniomba ruhusa nitamwambia hapana, hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Lakini mzee hakuniuliza kama mimi naisherehekea. Aliniuliza kama bintiye amepotea.

Na hapa lazima nieleze mavazi, maana mavazi ndiyo yanayomkosesha usingizi. Binti anajiita Mgothi. Wagothi ni vijana, na siku hizi wazee pia, wanaofuata muziki na mavazi yaliyoanza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi huhesabu mwanzo wake ni mwaka 1979, kundi la Bauhaus lilipotoa wimbo kuhusu mwigizaji wa zamani wa filamu za Dracula. Mwaka 1982 ukafunguliwa ukumbi wa Batcave mjini London, na hapo sura ikakamilika: nguo nyeusi, uso mweupe wa poda, fedha badala ya dhahabu, na mapenzi ya makaburi, magofu na mashairi ya huzuni. Ukiwauliza wanaabudu nini, wengi watakwambia hawaabudu chochote, na wengine watakwambia wanakwenda kanisani Jumapili. Binti wa Kibirichia ni wa kundi la pili. Anaimba kwaya, na siku ya kwaya huvaa sare kama wenzake.

Hapa kwetu Wagothi ni wachache. Walio karibu nao ni wapenzi wa muziki mzito wa gitaa wa Nairobi, ambako kundi la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikilizwa hadi Ulaya. Binti alinisikilizisha kidogo. Kwa masikio yangu ya taarab ilikuwa kama mashine ya kusaga nafaka iliyoingia jiwe. Nikamrudishia simu yake.

Huko Uingereza Wagothi wana mji wao wa kwenda kutembea, na ndio mfano binti alioutoa. Mji huo unaitwa Whitby, uko kando ya bahari, una gofu la abasia juu ya jabali, na Bram Stoker aliyefika hapo mwaka 1890 aliufanya kuwa bandari ya Dracula katika riwaya yake ya 1897. Tangu 1994 Wagothi hukusanyika hapo, na kwa miaka mingi wamefanya hivyo mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa karibu na Halloween. Hoteli hujaa, wauza samaki na viazi hufanya biashara, na watu huvaa magauni ya karne ya kumi na tisa wakapigana picha. Kwa mtu wa utalii kama mimi, hiyo ni akili. Mji umechukua hadithi ya uongo ukaigeuza kuwa kitanda kilicholipiwa.

Sasa mzee anaogopa binti atadhuru au atadhuriwa? Nilimwambia habari moja ambayo hakuwa ameisikia. Agosti 2007, katika mji wa Bacup kaskazini mwa Uingereza, msichana wa miaka ishirini aitwaye Sophie Lancaster alikuwa akipita bustanini na mchumba wake. Walikuwa wamevaa kigothi. Kundi la vijana liliwavamia, wakampiga teke la kichwa mara nyingi, akafa hospitalini mwezi huohuo. Hakuwa amemkosea mtu. Kosa lilikuwa nguo. Mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester wakaanza kuandikisha mashambulizi dhidi ya Wagothi kama uhalifu wa chuki, kama vile wanavyoandikisha mtu anayepigwa kwa ajili ya rangi au dini yake. Nikamwambia mzee: tukihesabu walioumia, hesabu iko upande wa waliovaa nyeusi.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini ile tume ya Moi?"

Namuelewa. Watu wa umri wangu tulikua ndani ya hofu hiyo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti ikawekwa wazi mwaka 1999. Kati ya miaka hiyo kila mtu alikuwa mtafiti. Mtu akikupa lifti kwa gari zuri ulishuka ukakimbia. Katika shule niliyosoma, mwalimu mmoja alichoma fulana ya mwenzetu kwa sababu ilikuwa na picha ya fuvu, mbele yetu sote, gwaride la asubuhi. Fulana ilikuwa ya mtumba, aliinunuliwa na mamake Kongowea. Kijana yule hakurudi shule muhula uliofuata. Simjui shetani aliyeshindwa siku ile.

Basi turudi kwenye safari. Binti akija Mombasa kutafuta cha kumsisimua mwili, aone nini?

Ningempeleka kwanza Ngome ya Yesu, na ningemuomba asisikilize habari za mizimu, asikilize tarehe. Wareno waliijenga kuanzia 1593. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno wenyewe huko Goa, alimuua kapteni wa ngome na kuiteka. Kisha yakaja mazingira ya Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Ndani walikuwa Wareno wachache na Waswahili wengi waliokimbilia humo na wake zao na watoto. Waliomalizwa na mizinga ni wachache kuliko waliomalizwa na njaa na tauni. Chini ya Waingereza, tangu 1895, ngome ikawa jela hadi 1958. Ukisimama uwanjani saa kumi jioni, watalii wakishatoka, hakuna haja ya mtu kuvaa shuka nyeupe akakurukia.

Kutoka hapo aende Mbaraki. Kuna nguzo ya mawe ya matumbawe, ndefu, iliyojengwa karibu mwaka 1700 kando ya msikiti mkongwe zaidi. Wako watu hadi leo wanaokwenda hapo na marashi ya waridi na ubani kuomba shida zao. Mimi sikubaliani nao na nimeshawahi kusema hivyo. Lakini wao si onyesho. Akiwakuta, asimame mbali, asipige picha.

Akivuka kwenda Nyali atapita Kengeleni, penye ile kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875. Kengele ililia majahazi ya watumwa yalipoonekana. Wengi wetu tunapita hapo kila siku kwa matatu na tunalijua jina kama kituo tu. Na akiwa na siku ya ziada, Shimoni, Kwale, kwenye mapango ambamo watu walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini. Humo mimi mwenyewe, mtu mzima, nilikaa dakika tano nikatoka.

Lakini mahali ambapo Mgothi atapapenda kuliko pote ni Gede, karibu na Watamu, kilomita kama 100 kaskazini mwa Mombasa. Ni mji mzima ulioachwa. Msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, mitaa, makaburi ya nguzo, vyote ndani ya msitu, mizizi ya miti imeshika kuta kama vidole. Kaburi moja lina tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu wake walikuwa matajiri. Walikula kwenye mabakuli ya Kichina, na nyumba zao leo zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa humo, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Kisha, mwanzoni mwa karne ya kumi na saba, wakaondoka. Wengine wanasema ni vita, wengine wanasema visima vilikauka, na kweli kuna kisima kilichoonekana kuchimbwa tena kwenda chini zaidi. Wareno walikaa Malindi, mwendo mfupi tu, karibu miaka mia moja, na katika maandishi yao mji huu hautajwi kwa jina hilo. James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, si adui wala si rafiki. Alikuwa mwanaakiolojia, si mganga. Julai 2024 UNESCO iliuingiza Gede katika orodha ya urithi wa dunia.

Nimeingia Gede mara nyingi na wageni. Kinachonisimamisha ni vizingiti vya milango. Vimelika katikati kwa nyayo. Mtu alipita hapo asubuhi kwenda kuchota maji, na mjukuu wake akapita, na mjukuu wa mjukuu.

Binti alifurahi, akafungua simu kunionyesha walivyojiandaa. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mwenzake mmoja amenunua kinyago cha mchawi: bibi kizee, pua imepinda, nywele nyeupe timtim. Mpango ni avae hicho, wapigane picha Gede, halafu watembee nacho hadi barabarani Watamu.

Gede iko Kaunti ya Kilifi. Katika kaunti hiyo kwa miaka mingi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba linalotakiwa na vijana wa ukoo uleule. Mvi zimekuwa ushahidi. Kuna wazee wanaopaka piko kichwani, na si kwa urembo, ni wasionekane wazee. Huko Kaya Godoma, Ganze, kuna kituo ambako waliokimbia watoto wao wamehifadhiwa. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1925, na inamfanya hata anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi awe mkosaji, lakini panga huwa limefika kabla ya sheria. Nikamwambia binti: kinyago hicho Whitby ni mzaha. Salem, Marekani, walikonyonga watu 19 kwa uchawi mwaka 1692 na kumponda mmoja kwa mawe, leo wanauza kofia za wachawi kwa mamia ya maelfu ya wageni kila Oktoba. Lakini wale waliuawa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na hata hivyo jina la mwisho lilisafishwa kisheria mwaka 2022 tu. Kilifi haijafika huko. Nywele nyeupe zile barabarani zinaweza kumchekesha mtalii, na zinaweza kumkumbusha kijana fulani kwamba nyanya yake naye ni mzee. Na mwenye kinyago mwenyewe akikutana na walevi usiku, sitaki kufikiria.

Alinisikiliza. Akasema, "Hiyo hatukufikiria, Ustadh." Akamwandikia mwenzake palepale.

Niliongeza mawili mengine, kwa haraka. Wasikalie kaburi kupiga picha. Hata Whitby kanisa limelazimika kuwaomba wageni waache kujilaza juu ya makaburi, na ya kwetu bado yana wenyewe. Na wasiniombe niwapeleke Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule tangu 2023, na kuna mama anayesubiri mifupa ya mwanawe. Hawakuwa wameuliza, lakini kuna waliowahi kuniuliza.

Usiku huo nyanya, mama yake mzee, alitoka kwenye kona yake. Haongei Kiswahili sana, binti alitafsiri. Akasema wao ni watu wa Njiru, weusi, ukoo uliovuka maji usiku. Wasomaji wa Pwani huenda hamjui kwamba Wameru husimulia kuwa walitoka huku kwetu, kisiwa wanachokiita Mbwaa, na wapo wataalamu wanaodhani ni Manda, Lamu. Huko walitawaliwa na Nguo Ntuni, wenye nguo nyekundu, waliowatumikisha na kuwapa kazi zisizowezekana, kama kushona kiatu chenye manyoya ndani na nje. Wakakata ngozi ya shingo ya ng'ombe inayoning'inia, wakashinda. Kisha wakatoroka, maji yakagawanyika wakapita: waliovuka usiku wakaitwa weusi, alfajiri wekundu, mchana weupe. Nyanya alisema alipokuwa mtoto walitishwa kwa watu wa baharini wanaochukua watu. Hakutaja kwato hata kidogo. Nilitazama nguo nyeusi za mjukuu wake, naye akanitazama, tukakaa kimya.

Mzee amekubali, kwa masharti. Wanakuja kwa treni mchana, si basi la usiku. Watalala kwa dada yangu Kisauni, ambaye ameshaambiwa kuhusu midomo myeusi na amesema mradi wasimchafulie mito. Tarehe 31 wanarudi nyumbani saa tatu usiku, Halloween au si Halloween. Kinyago kinabaki Meru.

Alfajiri tulipokuwa tukifunga turubai juu ya magunia, nyanya alikuja na kibuyu cha uji wa shemeji, na chupa tupu ya plastiki ya lita mbili. Hiyo alimpa mjukuu wake. Anataka ajaziwe maji ya bahari, aletewe.